Sura ya Tano: Mifereji Mitatu Mikavu

Sufuria lililopotea halikuwa kitu cha kutia kwapani na kuondoka nacho. Lilikuwa la shaba tupu, kina chake kilifika kiunoni mwa mtu mzima, na kulinyanyua kulitaka wanaume wanne walioshiba. Hata hivyo, Jumatano asubuhi, Bibi Khole binti Mahrous alipofungua mlango wa nyumba yake ya kupikia tende pale Ibra, alikuta juu ya jiko tundu la duara tu, na ndani ya tundu paka wa jirani amejikunja, analala usingizi wa mwenye nyumba.

Alhamisi, saa mbili za asubuhi, Radhia binti Zuhair alisimama mbele ya tundu lile lile na daftari mkononi. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya wali, mkuu wa wilaya, na kazi yake hasa ilikuwa mashauri ya majumbani, yale ambayo mpelelezi mwanamume hukaribishwa barazani, akanyweshwa kahawa, akaaga bila kuona kitu. Nyuma yake alisimama dereva wake, Thuwaini, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima, mzaliwa wa Tabora, aliyeendesha malori huko miaka ishirini kabla ya kuhamia Oman na familia yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?"

"Nimekuja na Ami Thuwaini."

"Namwona, anaonekana vizuri. Nauliza askari wako wapi. Mimi nimeibiwa, sikupotelewa na sindano."

"Tuanze kwa kutazama, Bibi. Askari wakitangulia watakanyaga kila kitu."

Bibi Khole akasogea pembeni, mikono kiunoni. Umri wake ulikuwa umepita sitini, lakini alisimama wima kama nguzo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kuchani, na Radhia aliviona kabla ya kuona kitu kingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba mtu angeweza kulala dirishani akajigeuza bila kuanguka, na zilipakwa saruji ya zamani, ile ya udongo uliochomwa kwa kuni za mtende ukasagwa. Boriti za dari zilikuwa magogo ya mtende, meusi kwa masizi ya miaka hamsini. Katikati ya chumba jiko lilinyooka kama kitanda cha jitu: chini midomo mitatu ya kutilia kuni, juu matundu matatu ya kukalia masufuria, na nyuma bomba la kutolea moshi lililopanda mpaka juu ya paa. Matundu mawili yalikuwa yamezibwa kwa matofali tangu zamani. La tatu lilikuwa la paka.

"Nani aliijenga?" Radhia aliuliza.

"Baba yangu. Alipata karafuu zake Unguja, akaja kujenga hapa kwao. Tende ya mabsali ikipikwa hapa, ikianikwa uani, ngamia wakiipeleka Sur, na merikebu zikiipeleka Bara Hindi. Mimi nilipelekwa Unguja nina miaka mitatu. Nimerudi mwaka wa sabini na tano, mtu mzima, ndipo nikaiona nyumba kwa macho yangu."

"Na haya mawili yaliyozibwa? Masufuria yake yako wapi?"

"Kaka yangu aliyakatakata humu humu kwa patasi, wakati wa vita vya Hitla, shaba ilipokuwa ikitafutwa sana. Barua yake ilifika Unguja, mama akalia siku mbili. Likabaki hili moja."

Radhia aliandika: *yalikatwa humu humu*. Kisha akapiga magoti, akapitisha kiganja sakafuni kuzunguka jiko lote. Palikuwa na majivu, maganda ya ndimu yaliyokauka, na nywele za paka. Chembe ya shaba hata moja hakuiona. Akatazama dari: masizi yalikuwa sawasawa kila boriti, hakuna palipoguswa. Akatoa ugwe mfukoni, akamwomba paka radhi, akapima upana wa tundu kutoka ukingo hadi ukingo na kupiga fundo.

"Kamba ya nini, mama mpelelezi?" Thuwaini aliuliza.

"Nijue natafuta kitu cha ukubwa gani."

"Unatafuta sufuria la kupikia ng'ombe mzima. Mtu hawezi kulichanganya na kikombe."

Bibi Khole hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Mabsali hupikwa ingali manjano na ngumu. Ikilainika, basi tena, haipikiki. Mashada yangu yamekwisha kukatwa, yapo uani chini ya majani. Jumamosi ndiyo siku ya mwisho. Na nyumba hii ni yetu wawili, mimi na Musallam, mtoto wa marehemu kaka yangu. Tumeafikiana mbele ya kadhi. Moto ukiwaka msimu huu, nyumba inasimama. Usipowaka, anaivunja ajenge maduka ya vipuri vya magari."

"Sufuria lilikuwa zima?"

"Zima? Lilikuwa bibi harusi! Nimelisugua mwenyewe siku tatu, kwa majivu na ndimu. Lilikuwa limeingia weupe weupe kwa ndani, chafu la miaka. Nikalisugua mpaka likawa jekundu ndani na nje, utadhani sinia la ukutani kwa Masheha. Jumatatu nikawaita wanawake wa mtaa mzima waje walione. Walipiga vigelegele, wallahi."

Upande wa kushoto palikuwa na upinde mpana usio na mlango, na nyuma yake chumba kidogo chenye giza la utamu. Watu wa Ibra hukiita madbasa. Makanda ya tende mbivu za mwaka jana yalipangwa humo kifua juu ya kifua, karibu kugusa dari, ili uzito wa ya juu ukamue ya chini. Sakafu ilikuwa na matuta na mifereji saba, yote ikishuka kuelekea mtungi uliozikwa ukutani, na kwa joto la Julai asali ya tende ilikuwa ikitiririka yenyewe, taratibu, bila mtu kuigusa.

Radhia alichutama. Sisimizi walikuwa wamejipanga safu mbili, moja kulia na moja kushoto. Katikati hapakuwa na hata mmoja. Aliihesabu mifereji. Miwili ya kulia iling'aa kwa asali, miwili ya kushoto iling'aa. Mitatu ya kati ilikuwa safi na mikavu kama sahani iliyofutwa.

"Huoshwa lini hapa?"

"Niliosha Jumapili mwenyewe, makanda yote nje. Marzouq akayapanga tena Jumatatu usiku."

Radhia aliandika. Aliposimama alimkuta Thuwaini amekwisha kuchovya kidole katika mtungi.

"Ami! Hicho ni kidhibiti."

"Nakithibitisha," Thuwaini alisema, akakilamba mpaka kwenye kifundo.

*

Musallam alifika na pikapu yake nyekundu, miwani ya jua usoni, akashuka akiwa tayari amekasirika. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mzaliwa wa Pemba, mwenye duka la matairi njia ya Sur.

"Najua unachotaka kuniuliza," alisema. "Alama za magurudumu mlangoni ni za gari langu. Haya, niandike."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kuleta kuni. Shangazi aliniagiza."

"Kweli nilimwagiza," Bibi Khole alisema, kwa shingo upande.

"Siku gani?"

"Jumatatu jioni. Nimeshusha kuni, nimeondoka. Ufunguo wa nyumba hii sina. Ziko funguo mbili duniani, mmoja anao shangazi, analala nao shingoni kama hirizi, mwingine anao Marzouq, mtunza moto. Mlango umevunjwa?"

"Haukuvunjwa."

"Basi hesabu ndogo. Na Jumanne alfajiri Marzouq alipanda lori la Nizwa, kwa macho yangu. Nizwa kuna nini? Soko la mafundi shaba. Mimi sina haja ya kuiba sufuria, shangazi. Mimi ningengoja tu. Hujui hata kuni ipi inawaka."

"Toka uani kwangu!"

"Ni uani kwetu, shangazi. Nusu kwa nusu."

"Basi toka katika nusu yangu!"

Musallam akapiga hatua tatu kushoto, akasimama, akakunja mikono. Thuwaini aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Marzouq walimkuta ameketi juu ya gunia, kivulini mwa ukuta wa nje. Alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu fupi nyeupe. Alizaliwa Ibra, hakuwahi kutoka Oman, na Kiswahili chake alikiokota kwa watu wa nyumba hii walipoanza kurudi. Alijaribu kuinuka kumpokea Radhia, akaishia katikati, mkono mmoja kiunoni, akakaa tena.

"Unaumwa, Mzee Marzouq?"

"Mgongo, binti yangu. Uzee."

"Umeanza lini?"

"Uzee?"

"Mgongo."

Marzouq akafikiri. "Jumanne."

"Jumanne ulikwenda Nizwa."

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi ya nyumba."

"Uliuza sufuria?"

"Wallahi sijauza hata kifuniko."

"Unajua liko wapi?"

Mzee akatazama mlango wa nyumba, ambako sauti za Bibi Khole na Musallam zilikuwa zikigawana ua. Kisha akamtazama paka, aliyekuwa ametoka kuota jua.

"Bibi amekasirika sana?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sana."

"Niache mpaka Jumapili, binti yangu. Jumapili yote yatakuwa sawa, inshallah."

"Siku ya mwisho ni Jumamosi, na Jumamosi nyumba inavunjwa kwa neno la kadhi. Sema sasa."

Marzouq akatikisa kichwa. "Siwezi," alisema. "Si adabu."

Garini Radhia aliusoma ukurasa wake tena toka mwanzo. Thuwaini aliwasha injini.

"Mimi namwona Musallam," alisema. "Mtu mwenye miwani kama ile ana jambo."

"Musallam kasema neno moja la kweli. Angengoja tu. Kesho alfajiri twende Nizwa."

"Kumtafuta aliyelinunua?"

"Kumtafuta aliyemwona Marzouq."

*

Waliondoka kabla jua halijachomoza. Walipita Samad Ash Shan wakiwa wamefunga vioo kwa vumbi, na walipofika Birkat al Mauz Thuwaini alisimamisha gari akanunua chane la ndizi, akala tano, akatangaza kwamba kwao Tabora ndizi kama hizi wangeziita watoto. Saa tatu walikuwa Nizwa, ndani ya soko, mahali ambapo nyundo hupiga shaba toka asubuhi mpaka watu wanaongea kwa mikono.

Fundi wa tatu waliyemwuliza aliitwa Mzee Amur. Alikuwa mfupi, mchangamfu, mikono myeusi mpaka kiwikoni. Aliposikia Kiswahili aliitupa nyundo.

"Alaa! Watu wa Unguja! Nimekaa Mkunazini miaka minne mimi, nikifua madele ya kahawa. Kaa, binti, kaa. Huyu baba naye wa wapi?"

"Tabora," alisema Thuwaini.

"Sikufika huko. Lakini kaa tu."

Nyuma ya fundi yalirundikana masufuria kumi na mawili, safi, kwa ndani meupe kama mwezi.

"Mzee Amur, Jumanne alikuja kwako mtu mrefu, ndevu fupi nyeupe, anashika kiuno?"

"Alikuja. Mtu wa Ibra. Hakutaka kukaa, kwa ule mgongo."

"Alikuuzia sufuria?"

"Aniuzie?" Fundi akacheka. "Alikuja kunibembeleza niende Ibra nikalitie kalai sufuria lake, kubwa halipakiki garini. Nikamwambia siwezi kabla ya Jumapili, nina vyombo vya harusi ya Manah, hivi unavyoviona. Akasema Jumapili ni mbali. Nikamwambia basi mwambie bwana harusi aahirishe. Akaniachia kipimo, nikadirie bati."

Alinyoosha mkono, akatoa ugwe uliokuwa ukining'inia msumarini. Ulikuwa na fundo.

Radhia alitoa wake mfukoni. Akaziweka kamba mbili sambamba juu ya goti lake, mwanzo kwa mwanzo. Mafundo yalikaa pamoja, hayakupishana hata kwa unene wa ukucha.

"Subhanallah," alisema Thuwaini.

"Anayeuza sufuria halipimi ili litiwe kalai," Radhia alisema. "Mzee Amur, nieleze kama mtu asiyejua kitu. Kalai ni ya nini?"

"Shaba haipikiwi hivi hivi, binti yangu. Ndani hutiwa kalai, bati jeupe, kama haya. Bila kalai, ukichemsha humo kitu kikali, shaba inatoa kutu ya kijani, na aliyekula atatapika mpaka nyongo. Na mabsali mbichi ni kali. Sufuria la yule mzee, ndani lilikuwa jeupe au jekundu?"

"Lilikuwa na weupe. Mwenyewe kalisugua siku tatu kwa majivu na ndimu, akidhani ni uchafu. Sasa ni jekundu ndani na nje."

Mzee Amur akajishika kichwa kwa mikono miwili, akakiacha na alama za masizi.

"Huyo ni mtu wa Unguja! Wallahi ni mtu wa Unguja! Kule masinia yenu mnayasugua yang'ae yakae ukutani, hayapikiwi kitu. Amekwangua kalai yote!"

"Marzouq alijua?"

"Mtunza moto? Angelijua kwa kutupia jicho moja tu."

Radhia alifunga daftari. "Mzee Amur, vyombo hivi vikifika Manah leo, una kazi gani nyingine?"

"Sina."

"Ami Thuwaini, gari linabeba masufuria kumi na mawili?"

"Gari linabeba. Dereva atahitaji kula huko huko kwenye harusi."

Ndivyo ilivyokuwa. Walisali Ijumaa Manah, wakakabidhi vyombo, wakalishwa wali na nyama kwa nguvu na mama wa bwana harusi, ambaye hakukubali maelezo yoyote kuhusu upelelezi. Saa nane walikamata njia ya Ibra: Radhia mbele, na nyuma Mzee Amur na mivukuto yake, akiimba nyimbo za Mkunazini ambazo maneno yake alikuwa ameyasahau nusu.

*

Bibi Khole aliwapokea mlangoni, na Musallam alikuwa katika nusu yake ya ua. Marzouq aliitwa. Alipomwona Mzee Amur akishuka garini, aliweka kiganja usoni.

"Mmempata mwizi?" Bibi Khole aliuliza. "Huyu ndiye aliyenunua?"

"Bibi, nisaidie kwanza. Shika ncha hii."

Radhia alimpa ncha moja ya ugwe, naye akaenda na ile yenye fundo mpaka upande wa pili wa mlango. Waliunyoosha mbele ya watu wote. Upana wa mlango ulikwisha, na kamba ikabaki shubiri nzima.

"Kipimo hiki ni upana wa sufuria," Radhia alisema. "Hata likilazwa ubavu, kina chake kinauzidi mlango vile vile, na huu ndio mlango wa pekee. Madirisha ni madogo zaidi. Dari haijaguswa, masizi yake ni mazima. Bibi, umeniambia mwenyewe kwamba yale mengine mawili yalikatwa kwa patasi humu ndani. Nilijiuliza kwa nini mtu ajitaabishe kukata shaba gizani wakati ua upo. Aliyakata humu kwa sababu mazima yasingetoka. Na hili la tatu halikukatwa, kwa maana sikuona chembe ya shaba sakafuni."

Musallam alivua miwani.

"Halipiti mlangoni?" alisema. "Sasa liliingiaje?"

Marzouq ndiye aliyejibu, macho chini. "Halikuingia. Lilitangulia. Ngamia walilileta kutoka Sur, yote matatu, yakawekwa hapa kwenye uwanja mtupu. Kisha waashi wakajenga jiko, halafu kuta. Nyumba imejengwa kuyazunguka. Nilikuwa mtoto, nikibeba udongo. Tukichezea ndani ya masufuria, Sheikh Mahrous akitufukuza."

"Kwa hiyo halikutoka," Radhia alisema. "Liko humu. Njooni."

Aliwaongoza chini ya upinde mpana mpaka madbasa. Sisimizi walikuwa bado katika safu zao mbili.

"Makanda haya ni mazito, na asali hutoka pale yanapoikandamiza sakafu. Tazameni mifereji. Miwili huku imejaa, miwili huku imejaa. Hii mitatu ya kati, tangu Jumapili haijapata tone. Sisimizi wamekwisha kujua siku nyingi. Juu ya mifereji hii hakuna kanda lililokaa. Kuna kitu kigumu, chenye uvungu, kilichofunikwa kifudifudi, na asali yote inateremka pembeni mwake."

Thuwaini hakungoja amri. Alikunja mikono ya shati na kuvuta makanda ya mbele, na Musallam, ambaye hakuna aliyemwita, akaingia kumsaidia. Kanda la saba lilipotoka, ukingo mwekundu uling'aa gizani.

Bibi Khole akakaa chini palepale kizingitini.

"Marzouq," alisema. "Marzouq! Peke yako?"

"Peke yangu, Bibi. Na magogo mawili ya mtende. Nililibingirisha."

"Kwa nini? Nimekukosea nini?"

Mzee alimtazama Radhia kwa macho ya kuomba. Radhia alitikisa kichwa: sema wewe. Marzouq akamgeukia Bibi.

"Bibi, ule weupe haukuwa uchafu. Ilikuwa kalai."

Mzee Amur alieleza yaliyobaki, kwa mikono na kwa sauti, kutu ya kijani, matapishi na nyongo. Alipokwisha, Bibi Khole alikuwa anavitazama vidole vyake vyeusi.

"Siku tatu," alisema polepole. "Na wale wanawake wakapiga vigelegele. Mbona hukuniambia?"

"Mbele ya wageni, Bibi? Mtoto wa Sheikh Mahrous, mtaa mzima unamsifu, nisimame niseme kaharibu?"

"Na baada ya wageni?"

"Baada ya wageni nilikohoa. Mara mbili."

"Nikakupa asali!"

"Ukanipa asali, Bibi. Kijiko kikubwa. Ukasema moto utawashwa Jumatano, hata mvua ikinyesha. Nikaona nilifiche, fundi aje, alitie kalai, kisha nijidai nimeliona mimi, tumshukuru Mungu. Sikujua utakwenda kwa wali."

Aliyeanza kucheka alikuwa Musallam. Alijaribu kukaza uso, akashindwa, akaegemea makanda ya tende mpaka shati lake jeupe likanata. Thuwaini akafuata. Bibi Khole aliwatazama wote wawili kwa ukali, kisha midomo yake ikamponyoka, akacheka na kanga mdomoni mpaka machozi yakatoka.

"Andika," alimwambia Radhia alipopata pumzi. "Andika kwamba mwizi ni mimi. Nimeiba kalai kwa ndimu."

"Nitaandika kwamba hakukuwa na wizi, Bibi. Lakini moto bado haujawaka, na kesho ni Jumamosi."

Mzee Amur alikuwa amekwisha kuipanga mivukuto. "Nipeni makaa," alisema, "na mtu wa kuniimbia."

*

Jumamosi saa nne sufuria lilikaa tena katika tundu lake, ndani jeupe kama yai. Paka alihamia juu ya kuni. Maji ya falaji, mfereji wa mji, yalijazwa ndani, na mashada ya manjano yalisubiri mlangoni, tende bado ngumu, kila moja ikigonga mwenzake kama shanga. Kadhi alimtuma karani wake ashuhudie. Wanawake wa mtaa mzima walirudi, wakakaa ukutani na madele yao ya kahawa. Musallam naye alikuwapo. Alisema amekuja kuhakikisha tu.

Bibi Khole alishika kibiriti. Alikuwa amevaa kanga mpya. Alipanga kuni mwenyewe katika mdomo wa jiko, vigogo vinene chini, vijiti juu, akawageukia wageni wake.

"Bismillahi," alisema, na kuwasha njiti.

Kikohozi kilisikika.

Wageni wote wakageuka. Marzouq alikuwa amesimama karibu na jiko, mkono kiunoni. Akakohoa tena. Mkono wa Bibi Khole ulibaki hewani. Radhia, aliyekuwa dirishani na daftari limefungwa, aliuona uso wa mzee ukijikunja kama anayenyanyua sufuria kwa mara ya pili.

"Bibi," alisema Marzouq, kwa sauti iliyofika mpaka uani, "unakosea."

Musallam aliacha kutafuna.

Bibi Khole alimtazama mtunza moto wake. Kisha akaizima njiti.

"Nimekosea wapi?"

"Vijiti chini, vigogo juu. Na hivi vya pembeni ni vibichi, vitatoa moshi tu."

"Nani kaleta kuni mbichi?"

Macho yote yakahamia kwa Musallam.

"Kavu ziko nyuma ya duka langu," Musallam alisema haraka. "Nakwenda kuzileta, shangazi. Nakwenda sasa hivi."

Bibi Khole akachutama mbele ya wageni wake wote, akazitoa kuni moja moja kwa mkono, akampa Marzouq kibiriti.

Saa tano na nusu karani wa kadhi aliandika kwamba moto unawaka. Mashada ya kwanza yalipozama ndani ya maji yaliyokuwa yanachemka, moshi ulipanda katika bomba la zamani, ukatoka juu ya mapaa ya Ibra, na Thuwaini, aliyekuwa amesimama karibu na mtungi wa madbasa mikono nyuma, alimwita Radhia kwa furaha: mifereji yote saba ilikuwa imelowa asali.